Viatu Msumarini

Machi 2

Watu wengi hukosea wanapodhani kwamba mwenye timu huanza kuingilia kazi ya kocha kwa kufoka. Wanasubiri siku atakayoingia chumba cha kubadilishia nguo akipiga meza, ndipo waseme, "Haya, leo kavuka mpaka." Siku hiyo haiji, au ikija huwakuta wameshachelewa. Mwenye timu huanza kwa zawadi. Leo ametuletea kitanda.

Ni kitanda cha matibabu hasa, kipya, cha kupanda na kushuka kwa kukanyaga pedeli. Tangu nilipostaafu hospitali na kuja kuwahudumia vijana hawa, nimekuwa nikiwanyoosha viungo juu ya meza mbili za shule zilizounganishwa, katikati pana mwanya unaobana nyama. Walipoondoka wote nilifunga mlango nikapanda mwenyewe, nikakanyagisha pedeli kwa fimbo ya ufagio. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kupewa kitanda kama hiki.

Mwenye timu tunamwita Matofali, naye hachukii. Ana kiwanda cha matofali ya saruji nje ya mji, na ukuta unaozunguka uwanja wetu ni wa kwake. Alisimama mlangoni akinitazama nikipapasa kitanda, uso umemchanua.

"Mama, ukikosa kitu chochote, sema. Mimi hapa ni mtoto wako."

Kocha alishukuru kwa kichwa tu, mikono mfukoni. Tulipobaki wawili nikamwambia angalau angetabasamu.

"Kitanda ni kizuri, Bibi," akasema. "Ila siku tutakayotaka kukataa jambo, tutalikataa tumelalia wapi?"

Niliona hana shukrani.

Machi 5

Mvua. Kiwanja ni uji. Wamefanyia mazoezi chini ya jukwaa, wakirushiana mpira kama watoto waliofungiwa ndani.

Machi 9

Niandike kuhusu msumari, maana kila mgeni anayeingia chumbani kwangu huuliza.

Juu ya mlango, upande wa ndani, pana msumari mkubwa wa kuungia boriti. Mchezaji akiumia, namvua viatu, nafunga kamba zake pamoja na kuvitundika pale. Viatu vikiwa msumarini mwenyewe hafanyi mazoezi wala hachezi, na kocha haniulizi kwa nini. Anayevishusha ni mimi peke yangu. Nilianza utaratibu huu baada ya kugundua kwamba mchezaji hudanganya kuhusu maumivu kama mtoto anavyodanganya kuhusu kunawa mikono. Ukimpa karatasi ya daktari ataikunja aitie mfukoni. Viatu vinavyoning'inia juu ya mlango huonekana na kila anayepita, na hakuna anayeweza kusema hakuambiwa.

Kocha huyu aliukuta msumari akauheshimu tangu siku ya kwanza. Kwa hilo nampa alama zake zote.

Leo msumari uko mtupu, jambo adimu. Lakini tumefungwa mbili bila. Tuko wa pili kutoka mwisho, na timu mbili za mwisho zitashuka daraja.

Machi 16

Matofali amekuja na kiti. Kiti cheupe cha plastiki, kakibeba mwenyewe kutoka ofisini, akakiweka kando ya benchi letu. "Kule jukwaani sisikii mpira," alisema. Nani angemkatalia mtu kiti chake, ndani ya ukuta wake?

Zikiwa zimebaki dakika chache, bado sare tupu, alimwinamia kocha. "Mwingize Ngazi." Ngazi ni yule mrefu wa akiba ambaye miguu yake hufika mahali kwa nyakati tofauti. Kocha alijifanya hakusikia. Matofali akarudia, taratibu, kama anayemkumbusha mtu dawa yake. Kocha akatazama kiwanja, akatazama mawingu, akamwingiza Ngazi.

Ngazi akafunga kwa kichwa. Watu waliruka, mimi pia niliruka, na umri huu.

Nimerudi nyumbani na furaha yangu ikaanza kuchacha njiani. Balaa kubwa kuliko yote lililoweza kutupata leo ni kwamba mtu yule alipatia. Angekosea, angerudisha kiti ofisini.

Machi 18

Kiti hakijarudishwa ofisini.

Machi 23

Tiara ameumia goti la kulia.

Tiara ni winga wetu wa kulia, kijana mwembamba. Walimpa jina hilo kwa sababu hukimbia kama kitu kilichofungwa uzi: unadhani umemkamata, mara kapaa. Wazazi hawapo. Amelelewa na dada yake, fundi cherehani mwenye kibanda nyuma ya uwanja, ndiye pia anayetushonea jezi zikichanika.

Hakuguswa na mtu. Katika mazoezi mguu wake ulinasa topeni, mwili ukageuka, mguu ukakataa kugeuka nao. Nilimlaza kwenye kitanda kipya, nikalishika goti juu na chini, nikalivuta kidogo kuja kwangu. Goti zima, ukilivuta, hukufikia mahali likakuambia hapa mwisho, kama mlango unaogota kwenye fremu. Hili lilisema "hapa mwisho" kwa sauti ndogo, na kwa kuchelewa.

"Bibi, ni kidogo tu."

"Kidogo cha nani?"

"Aa, kidogo cha kawaida."

"Mwanangu, ndani ya goti kuna kano inayozuia mfupa wa chini usitoke mbele. Yako imechanika sehemu, haijakatika. Ukiipumzisha mpaka mvua ziishe, na ukafanya mazoezi nitakayokupa, itashika. Ukiichezea sasa itakatika yote. Hapo utatembea, utaoa, utacheza na watoto wako. Kukimbia kama unavyokimbia, sahau."

Akatazama viatu vyake. Nikamvua viatu, nikafunga kamba, nikavitundika.

Dada yake alikuja na tepu ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni. Hakulia wala hakupiga kelele. Alishika kisigino cha mdogo wake kama anayepima uzito wake.

"Bibi, huyu mimi nimemlea kwa pindo za watu. Kukimbia ndiyo kitu pekee alichozaliwa nacho, mimi sikumpa. Niahidi hawatamharibu."

Nikamwonyesha juu ya mlango. "Viatu viko msumarini," nikamwambia. Niliona hiyo ni ahadi tosha.

Machi 30

Tumefungwa tena. Wakati wa chai nilimuuliza kocha anaonaje: mwenye timu ana haki ya kuingia mpaka wapi? Mimi hupenda maswali ya namna hii. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nikiulizwa saa ngapi naeleza saa inavyotengenezwa.

Kocha alifikiri, akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Mwenye nyumba ana haki ya kuchagua mpishi," akasema. "Ana haki ya kusema leo wageni ni wengi, au mboga ni chache. Chakula kikimshinda kila siku, ana haki ya kumfukuza mpishi, tena bila chuki. Lakini akisimama jikoni na chumvi mkononi, hapo hana mpishi tena. Ana mtu wa kumshikia mwiko."

"Na mpishi afanye nini?"

"Aweke mwiko chini, aondoke."

"Nawe utaondoka?"

Akanywa chai yake.

Aprili 4

Matofali amekuja chumbani kwangu. Kavua kofia mlangoni, kaniamkia vizuri, kaniuliza habari za miguu yangu, ambazo ni watu wachache huziuliza. Kisha akainua macho.

"Viatu vya nani vile?"

Alikuwa anajua. Nikamweleza tangu mwanzo, kano, mfupa, mvua. Alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Mama, mimi mtu wa matofali. Tofali lenye ufa nalijua kwa kuligonga tu. Yule kijana nimemwona anapanda ngazi za jukwaa, hachechemei."

"Goti haligongwi, mwanangu."

Akacheka sana, mpaka akakaa kitandani. "Basi. Wewe ndiye mtaalamu. Msumari wako mimi siugusi. Nakuapia."

Nilimpenda aliposema vile. Nikajisemea kwamba kocha anamwonea.

Aprili 6

Paa linavuja juu ya kitanda kipya. Nimelaza beseni pale. Mgonjwa wa leo ni beseni.

Aprili 13

Tumefungwa tatu. Kocha ameanza kupokea simu benchini mpira ukiendelea. Leo nimekaa karibu nikaona: anayempigia ni Matofali, kutoka kwenye kile kiti cheupe, hatua chache tu kutoka alipo yeye.

"Anauliza nini?" nikamwuliza baadaye.

"Hali ya hewa."

"Si mnaloa mvua moja?"

"Bibi, hapigi simu ili ajue kitu. Anapiga ili nipokee."

Aprili 17

Leo nimepita nyumbani kwa kocha kumpelekea mkewe dawa ya kuchua mgongo. Wanakaa katika nyumba ya timu, ile iliyo nyuma ya lango. Nimekuta sakafu ina vigae vipya, mlango mpya, na mke wa kocha kavaa vizuri kwa safari ya kazini: Matofali amempa nafasi ofisini kiwandani. Ni mwanamke mwerevu, anastahili kazi ile. Alinikaribisha kwa fahari, akanionyesha bomba jipya linavyotoa maji.

Kocha alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nje, viatu kavivulia nje. "Navivua ili nisichafue vigae," akasema, bila kunitazama. Nikakumbuka ule mwiko wake wa kuweka chini. Aweke wapi, na sakafu yenyewe si yake?

Aprili 20

Tiara anaendelea vizuri. Anasimama kwa mguu mmoja huku macho kafumba, na goti halitikisiki sana. Ila amechoka kukaa. Kila siku huja, hutazama juu ya mlango, hutazama chini.

Mtunza jezi akamtania, "Tiara bila upepo ni karatasi tu, bwana. Njoo unisaidie kufungia maandazi." Wote wakacheka. Tiara hakucheka.

Nimemwambia avumilie, mvua zinaelekea kwisha. Si kweli, bado zinanyesha kama zilikuwa zikitudai.

Aprili 26

Niandike polepole, nisije nikaandika kwa hasira.

Nilifika uwanjani asubuhi, mvua imekatika kidogo. Nikasikia vijana wakipiga mayowe ya furaha. Nikatazama kiwanjani, nikamwona Tiara anakimbia.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda chumbani kwangu kuangalia juu ya mlango. Viatu vipo. Vimefungwa kamba kama nilivyovifunga, vumbi limeshika ncha zake. Nikarudi nje, nikatazama miguu ya Tiara. Amevaa viatu vya manjano, vipya, bado vinang'aa topeni.

Matofali alikuwa kwenye kiti chake.

"Msumari wako sijaugusa, Mama," akasema kabla sijafungua mdomo. "Nenda kaangalie."

"Nimeangalia."

"Basi. Kijana kaniambia haumwi. Nimempa zawadi. Zawadi nayo ina msumari?"

Hakusema kwa kejeli, nataka hilo lieleweke. Alisema kama mtu aliyetafuta njia isiyomvunjia mtu heshima, akaipata, na sasa anasubiri apongezwe.

Nikamwita Tiara pembeni. Alisimama mbele yangu akihema, anatabasamu na kuficha tabasamu.

"Nilikwambia nini?"

"Najua, Bibi. Lakini kaja nyumbani. Kanipima mguu yeye mwenyewe, kapiga magoti pale kwenye mkeka wa dada. Mtu mzima kama yule anipigie magoti, halafu nimwambie sivai?"

Nikaenda kwa kocha.

"Unajua viatu vile vina maana gani."

"Najua, Bibi."

"Basi mtoe kijana kiwanjani."

Akatazama uwanja, akatazama lango, na nyuma ya lango akatazama nyumba. "Nitamchezesha kidogo kidogo," akasema. "Nitakuwa naye macho. Akiinua mkono tu, namtoa hapo hapo. Hilo nakuahidi." Kwetu ndivyo ilivyo: mchezaji akishika mahali anapoumia na kuinua mkono, anatolewa, hata kama mpira uko golini.

Mwisho nikaenda kwa dada mtu. Kibandani nilikuta cherehani mpya ya umeme, nailoni yake haijatolewa. Ile ya zamani ya kukanyaga imesogezwa ukutani.

"Umeipokea?" nikamwuliza.

"Bibi, nilikuta imeshashushwa mlangoni. Ningeirudishaje, niibebe kichwani?" Kisha akaketi. "Kasema ni kwa ajili ya jezi. Hakutaja goti kabisa. Angetaja goti ningemfukuza, wallahi ningemfukuza. Hakutaja."

Nikaipapasa ile nailoni. Chumbani kwangu kuna kitanda.

Aprili 28

Mvua imerudi.

Mei 4

Tulikuwa na mechi na timu iliyo juu yetu kwa alama moja. Tukishinda tunawapita na kutoka katika zile mbili za mwisho. Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta, miavuli imefunguliwa.

Kabla ya kutoka nilimfunga Tiara goti kwa bendeji, kwa nguvu nilizonazo. Bendeji haizuii kitu, ila humkumbusha mwenye goti kwamba analo. Aliniambia, "Bibi, leo utaruka tena kama siku ya Ngazi." Nikampiga kofi dogo la bega.

Alicheza vizuri. Siwezi kuandika vingine. Kipindi cha kwanza alimpita beki yule yule mara kwa mara, mpaka mashabiki wa wageni wakaanza kumcheka beki wao. Kabla ya mapumziko akatoa pasi iliyopita katikati ya watu kama uzi tunduni, tukafunga. Matofali alisimama akaanguka na kiti chake, akainuka na matope, akamkumbatia kocha. Akanikumbatia na mimi. "Unaona, Mama! Unaona!"

Wakati wa mapumziko nilimshika Tiara goti. Lilikuwa limeanza kujaa maji. Nikamwambia kocha, mbele ya wote, "Inatosha." Kocha akaitikia, "Ndiyo, Bibi. Nampa dakika chache, kisha namtoa." Simu yake ikalia akaipokea.

Kipindi cha pili mvua ikaongezeka. Tiara alikimbia mara moja, mara mbili, kisha nikaona ameanza kutua kwa mguu wa kushoto kila mara. Nikasimama. Mpira ukatoka nje, upande wa pili wa uwanja, mbali na sisi. Tiara akainama, akashika goti, akainua mkono.

Alimwinulia nani? Alimwinulia kocha. Kocha alimwona, nina hakika, kwa kuwa mkono wake mwenyewe ulianza kupanda kumwita mchezaji wa akiba. Mchezaji wa akiba alikuwa amesimama mstarini, kavua koti, na mtunza jezi kashika kibao cha namba tayari. Ilibaki kuinua kibao tu.

Kocha akageuka akatazama kiti cheupe.

Hakuambiwa ageuke. Matofali hakuwa amesema neno. Lakini alipotazamwa alijibu, kama mtu yeyote anavyojibu akitazamwa: akanyoosha kiganja, taratibu, akakishusha chini. Ngoja. "Dakika chache tu," akasema. "Tofali la mwisho ndilo linalofunga ukuta."

Mkono wa kocha ukashuka.

Tiara akauinua wake tena, safari hii juu zaidi, kama mwanafunzi anayedhani mwalimu hakumwona. Mimi nilipiga kelele. Nilipiga kelele kwa jina lake, kwa jina la kocha, kwa majina ya mama zao. Mpira ukarushwa. Ukamfikia yeye. Na mchezaji, mpira ukimfikia, hukimbia. Ndivyo alivyo, usimlaumu.

Alimpita beki. Alipotaka kugeuka, goti likageuka peke yake.

Nilifika kwake topeni sijui kwa miguu gani. Hakuwa analia. Alinitazama kwa mshangao, akauliza, "Bibi, hawakuniona?"

Mei 5

Redio imesema tumeshinda kwa ujasiri.

Mei 10

Daktari bingwa wa mifupa alikuwa mwanafunzi wangu zamani, alipokuwa akifanya mazoezi ya kazi wodini kwetu. Alinieleza kwa upole, kama nilivyomfundisha kuwaeleza wengine. Kano imekatika yote, gegedu mbili zinazokinga mifupa isisuguane zimesagika, na mfupa wenyewe umepata ufa. Atapasuliwa, na upasuaji utamsaidia kutembea sawasawa. "Na mpira?" nikauliza, ingawa nilijua. "Mwalimu," akasema, "unaniuliza ili niseme mimi?"

Matofali amelipia kila kitu. Chumba cha peke yake, maua, runinga. Nilimkuta kwenye korido amekaa kwenye benchi, kofia mapajani, analia machozi ya kweli. Watu wengine wangefurahi kumwona vile. Mimi ndipo nilipokata tamaa kabisa. Mwovu akionekana, hujificha au hukoma. Huyu hakufanya uovu. Alipenda timu, akampenda kijana, akampenda mama wa watu mwenye meza mbili za shule. Mtu anayeharibu kwa mapenzi atakoma kwa kitu gani?

"Mama," akaniambia, "nilikosea wapi?"

Nikakaa kando yake nikamweleza. Nilimwambia kwamba mwenye timu ni kama mzazi aliyempeleka mtoto shule: achague shule, aulize matokeo, amkabili mwalimu mkuu, na akitaka amhamishe mtoto. Asiingie darasani kumshika mwalimu mkono ulio na chaki. Nikamwambia kuwa siku ile kosa lake halikuwa kiganja. Kosa lilikuwa kila kitu kilichomfanya kocha ageuke kumtazama: vigae, mlango, ile kazi ya mkewe.

Alisikiliza yote. Alikubali yote. Akafuta macho, akaniuliza, "Sasa chumba chako pale uwanjani, Mama, kinavuja, sivyo? Nitakitengeneza."

Mei 18

Tumefungwa. Kocha haulizwi tena kuhusu kikosi. Asubuhi ya mechi huenda mwenyewe kwenye kiti cheupe kabla ya kuitwa, akasimama, akasubiri majina.

Mei 25

Tumeshuka daraja. Hata ule ushindi haukutufaa kitu. Wenzetu walishinda mechi nyingi zaidi. Mashabiki hawakufanya fujo. Walishuka ukutani mmoja mmoja, kila mtu na mwavuli wake.

Mei 29

Nimemtembelea kocha. Nilikwenda nikiwa na maneno makali niliyoyapanga tangu siku ya mechi, nikakuta ameketi kwenye ngazi, viatu nje. Amekonda.

"Sema tu, Bibi."

Maneno yangu nikayaacha. Nikamwuliza kama ataondoka.

"Amenipa mkataba mpya. Amesema mimi ni kocha msikivu."

Tukacheka, wote wawili, kicheko kile cha msibani ambacho mtu huomba msamaha baadaye. Nilikuja nikimwona mwoga. Nimeondoka nikiona mtu aliyejengewa ukuta, tofali moja moja, kila tofali na "asante" yake.

Juni 8

Mvua zimekwisha. Kama tulivyokubaliana na goti, leo ndiyo ingekuwa siku ya kushusha viatu.

Nilikwenda uwanjani na ufunguo wangu. Chumba kimepakwa rangi, dari jipya, taa mbili. Mafundi walikuwa wakikusanya ndoo zao. Nikatazama juu ya mlango. Ukuta ni laini, mweupe, hauna alama.

"Palikuwa na msumari pale," nikasema.

"Ndiyo, Mama, tumeung'oa," fundi akajibu kwa furaha. "Ulikuwa na kutu. Tumeziba tundu, huwezi hata kujua lilikuwa wapi."

Viatu vya Tiara vilikuwa ndani ya boksi, pamoja na vile vya manjano. Nimeacha ufunguo juu ya kitanda. Hakuna aliyeniomba nibaki wala aliyenifukuza. Matofali akijua nimeondoka ataniletea zawadi.

Juni 10

Tiara amerudi nyumbani. Goti ni gumu kama kuni, na lisipokunjwa sasa litagandamana hivyo, hata kuketi kwenye kiti itakuwa shida. Dada yake amerudi kwenye cherehani ya zamani. Ile ya umeme ameifunika kwa shuka. Hawezi kuitumia wala kuirudisha.

Tiara amelala kwenye mkeka, uso ukutani. Haongei sana. Nilipomgusa goti aliruka, akainua mkono, kisha akaushusha haraka, kama aliyekumbuka kwamba mkono huo haufanyi kazi.

Dada aliliona hilo, nami nikaliona.

"Nifundishe mimi," akaniambia. "Wewe miguu yako haitafika hapa kila siku."

Nikashika mikono yake nikaiweka mahali pake, mmoja chini ya kisigino, mmoja juu ya paja. Nilitaka kumweleza kano, gegedu, maji ya kwenye maungio, kwa nini taratibu na kwa nini kila siku. Kwa mara ya kwanza maishani sikuona faida ya kueleza. Goti halitakuwa lile. Hataruka tena, na timu itafungua msimu mwingine, na kiti cheupe kitakuwepo. Nikamwambia la leo tu:

Leo, kabla hajala, kunja goti lake pole pole. Akisema basi, acha.